Je, baiskeli ya kuzalisha umeme itawafaa wasio na makao?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa Maweni, Malindi. Kila jioni huwaona wazee na watoto wasio na makao wakijilaza kwenye baraza za maduka, na wenye simu hutozwa shilingi 20 kila wanapozichaji. Tunakusudia kuiunganisha baiskeli kuukuu na mota, wao wenyewe wainyonge, na umeme wa ziada tuuuze tuwanunulie chakula. Je, hesabu itatoka?

JIBU: Ndugu zangu, simu zitachajika, lakini chakula hakitatoka humo. Mtu mzima wa kawaida akinyonga mfululizo hutoa takriban wati 75, na kwa kuwa nyingine hupotea kwenye mkanda, mota na betri, kwa saa moja hubaki kama wati-saa 50, ambazo hutosha simu tatu hivi, au taa ya wati 5 kwa saa kumi. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, yaani saa 20 za jasho kwa kitu ambacho kwenye mita hakifiki shilingi 50.

Linalonikera zaidi ni la tumbo. Misuli hugeuza kuwa kazi kama robo tu ya nguvu ya chakula, kwa hiyo saa hiyo moja humla mnyongaji kalori zipatazo 260, sawa na chapati moja hivi. Mzee aliyeshinda na njaa mtakuwa mnamdai chapati ambayo hajaila! Wa kunyonga wawe walioshiba: ninyi wenyewe, na wapita njia wa jioni.

Mchana tegemeeni jua. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali hukusanya wati-saa 400 na zaidi, kazi ya wanyongaji wanane, kila mmoja kwa saa moja. Baiskeli iwe akiba ya siku za mawingu na mvua za kusi.

Kati ya mota na betri fundi aweke diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, la sivyo mkishaacha kunyonga betri itaizungusha mota hadi iishe. Simu zisiunganishwe na mota moja kwa moja, maana volti hupanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa miguu. Kisha tengenezeni kabati la vijisanduku vyenye kufuli, kwa sababu asiye na mlango wa kufunga hawezi kuiacha simu kwenye chaja akaenda kulala.