Usiuze tofali, uza ukuta

Kijana wa Usa River ameniandikia: "Dada, mashine ya tofali za kufungamana ninayo, udongo ninao, ila watu wanaangalia na kuondoka. Wewe huko Moshi unawauzia akina nani?"

Walewale wanaokukimbia, mdogo wangu. Tofali zetu ni za udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa mashineni na kushikana zenyewe, hazichomwi. Ila siwaambii habari za miti inayokatwa kwa ajili ya tanuri za kuchomea tofali. Ni kweli tupu, lakini mazingira hayajawahi kumtoa mtu hela mfukoni. Mama mmoja wa Machame alikuwa ameshatoa kianzio, mpaka shemeji yake aliposhuka kutoka Dar kula Krismasi. Akaigonga tofali yangu kwa ufunguo wa gari, akasema mbele ya vijana wangu, "Tumesoma wote hivi, turudi kwenye nyumba ya udongo?" Kianzio nikarudisha. Nikipita pale naona ukuta wao wa bloku bado unasubiri plasta, na sitasema mengi.

Soko linafunguka kwa hesabu. Mteja huuliza, "Tofali moja shilingi ngapi?" Ukijibu hapohapo umekwisha. Tofali yetu ina uso wa sentimita 30 kwa 10, zinaingia kama 33 kwenye mita ya mraba. Bloku ya inchi 18 kwa 9 zinaingia kama 10. Akisikia idadi anakimbia. Mtajie bei ya mita ya mraba ya ukuta uliokamilika, wa bloku na wa kwetu: saruji ya kujengea, mchanga, plasta ndani na nje, fundi. Zetu zinapangwa kavu, bila saruji kati ya tofali, kwa sehemu kubwa, na plasta ni hiari yake. Hapo anavuta kiti.

Halafu kuna fundi, ambaye kwenye semina hatajwi. Plasta ndiyo ugali wake. Ukileta ukuta usiotaka plasta, lazima amnong'oneze mwenye nyumba kwamba tofali zako zinakunywa maji. Wafundishe kupanga, tena bure, na wapewe malipo kwa mita. Wanamaliza mapema, wanahamia kazi nyingine. Wateja wangu wengi siku hizi wanaletwa na mafundi.



Ila ndugu zangu, tofali mbovu inatuchafua wote. Kwanza pima kama udongo wako unafaa: chonga kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana na kina 4. Paka oili, shindilia udongo uliolowa, anika juani siku tatu, kisha sukumia kipande upande mmoja upime pengo. Udongo mweusi wa tambarare unaachia pengo la kuingiza vidole. Huo achana nao. Na tofali ikitoka mashineni ifunike, imwagilie angalau siku saba. Kuna watu wanauza ya jana! Masika ikiinyeshea, anayetukanwa ni mimi na wewe.

Fyatua kiangazi chote, maana Desemba wenye hela wanarudi nyumbani mlimani kula Krismasi. Hao hawanunui picha ya kwenye simu. Jenga hata kibanda cha mlinzi kando ya barabara, wapaki, waguse, wagonge watakavyo.