Chila inagandisha, lakini mvinyo unazidi kupata joto

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima mdogo wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, na sehemu ya mavuno yangu ya Chenin Blanc huitengenezea mvinyo wa nyumbani katika pipa la chuma cha pua la lita 50. Msimu huu nilinunua chila ndogo (mashine ya kupooza kimiminika) iliyokwisha kutumika, nikaijaza maji ya bomba, nikatumbukiza koili yake, yaani bomba lililozungushwa, ndani ya pipa na kubandika kihisi joto kwa nje. Tangi la chila linasoma nyuzi 1 na barafu imeota kwenye mabomba yake, lakini siku ya tatu mvinyo ulifika nyuzi 28. Fundi wa friji amenishauri niweke kulanti ya gari, yaani kimiminika cha kupoozea injini. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, katika hilo la kulanti nakuomba sana usimsikilize. Kulanti nyingi za magari hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu inayoua figo, na kwa kuwa ina utamu, koili ikitoboka tundu la ukubwa wa ncha ya sindano ulimi wako hautakuonya. Kinachotakiwa ni propilini glikoli ya kiwango cha chakula. Changanya sehemu moja ya glikoli hiyo na sehemu mbili za maji, nawe utapata kimiminika kisichoganda hata kikifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Usizidishe, kwa sababu glikoli ikiwa nyingi mchanganyiko huwa mzito, pampu huelemewa, na uwezo wake wa kubeba joto hupungua.

Barafu uliyoiona ndiyo inayokurudisha nyuma. Maji matupu yanapoganda kuzunguka mabomba ya kupoozea, ganda hilo la barafu huwa kama blanketi: kompresa inaendelea kunguruma, lakini baridi haiyafikii maji yanayozunguka kwenda kwenye pipa. Ukishaweka glikoli, tegesha tangi karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri.

Hata hivyo, tangi kuwa baridi si sawa na mvinyo kuwa baridi, na hapa ndipo wengi hukwama. Juisi yenye gramu 200 za sukari kwa lita, ikichacha yote, hutoa joto ambalo lisipopata pa kutokea lingetosha kuipandisha kwa nyuzi 25 hivi. Joto hilo huzaliwa katikati ya pipa. Niliwahi kubandika kihisi ubavuni kama wewe, kikasoma 23. Nilipoteremsha kipimajoto kilichooshwa vizuri hadi katikati ya juisi, nikakuta 27, na ile harufu ya matunda niliyoitazamia ilikuwa imekwisha kupeperuka pamoja na mapovu. Kwa hiyo pitisha kihisi ndani ya kijibomba cha chuma cha pua kilichozibwa chini, kifike katikati ya juisi, na kihisi hicho ndicho kiwashe na kuzima pampu ya glikoli. Kompresa iwe na kidhibiti chake kinachofuata joto la tangi peke yake. Kwa mvinyo mweupe lenga nyuzi 15 hadi 18, pampu ikiachiwa nafasi ya nyuzi 1 kati ya kuwaka na kuzima.

Kisha livishe pipa. Katika chumba chenye nyuzi 30, joto linaloingia kupitia ukuta wa pipa lisilovishwa huweza kuzidi lile linalotolewa na hamira, maana yake chila yako ndogo inapoza chumba badala ya mvinyo. Sponji nene ya godoro, ikizungushwa na kufungwa barabara hadi kwenye mfuniko, inasaidia kuliko kununua chila kubwa zaidi. Mipira ya glikoli nayo ivishwe. Umeme ukikatika, pipa lililovishwa hupanda joto polepole, nawe unapata saa kadhaa za kujipanga.

Chila yenyewe ikae penye hewa, si kwenye stoo iliyofungwa, kwa kuwa joto inalolitoa kwenye mvinyo hulitupa papo hapo nyuma yake. Vumbi letu la Agosti na Septemba, ambao ni msimu mmoja wa mavuno, huziba mapezi ya kondensa (sehemu ya nyuma inayotoa joto) upesi, kwa hiyo yapige brashi laini kila wiki, ukiwa umezima umeme.

SWALI: Nami natumia zabibu nyekundu za Makutupora. Je, nipooze hadi kiwango hicho hicho? (Msomaji, Hombolo)

JIBU: Hapana. Mvinyo mwekundu unahitaji nyuzi 25 hadi 28 ili rangi itoke vizuri kwenye maganda. Ila maganda yale huelea na kufanya tabaka lenye joto kuliko juisi iliyo chini, hivyo yakandamize chini kwa mwiko angalau mara mbili kwa siku, na usome joto baada ya kukandamiza. Ukiona limevuka 30, washa pampu bila kungoja, kwa sababu hamira ikizidiwa na joto huweza kusimama sukari ikiwa bado imebaki.