Re: Wanachama wamegoma kutumia mizani, wanataka ndoo

Mkuu, umeuliza kwa nini kikundi chenu cha dagaa hapo Mwanza kina mizani ya kidijitali na watu bado wanapima kwa ndoo. Kabla hujawaita wabishi, angalia nani anakula kwenye ndoo. Mpimaji akijaza kilele au akishindilia kidogo, tofauti anaipata yeye. Huyo humbadilishi kwa semina. Mpe kazi ya kusoma mizani, posho yake ijulikane mbele ya wote.

Wengine hofu yao ni ya haki kabisa: dagaa wabichi wana maji, wakikauka kilo zinashuka, lawama inaangukia mizani. Kubalianeni kwanza mnapima wabichi au wakavu.

Fundisheni wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, hakuna wa kukusikiliza. Giza la kwanza tumieni ndoo na mizani pamoja, daftari moja. Weka ndoo tupu, rudisha sifuri, ndipo umimine. Namba zimtazame muuzaji, si karani (hapa wengi wanakosea). Stika ya Wakala wa Vipimo, ya kuonyesha mizani imekaguliwa, nayo iwepo, maana wataiulizia.