Utafiti wa usafiri Kigoma-Ujiji: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, nimesoma mpango wako hadi mwisho. Unaeleza kwamba wewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwamba unataka kujua iwapo usafiri wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji unakidhi mahitaji ya wakazi, na kwamba utasimama eneo la Mwanga, hapa mjini, na wasaidizi wako kwa wiki moja ya mwezi Juni mkihesabu haisi, bajaji na bodaboda, kisha utaomba kampuni ya simu ikupatie data za mienendo ya wateja wake. Nimefanya kazi ya udadisi, na baadaye ya kusimamia wadadisi, katika tafiti kadhaa za namna hii hapa mjini na katika vijiji vya mwambao, kwa hiyo uniruhusu nikujibu kwa urefu.

Hesabu ya magari itakuonyesha watu waliopata usafiri. Swali lako, kama ulivyoliandika mwenyewe, linawahusu pia waliobaki nyumbani. Mwaka 1959 Walter Hansen alichapisha huko Marekani makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kupima ufikivu: eneo huhesabiwa kuwa na ufikivu mkubwa iwapo kazi, masoko na huduma nyingi ziko ndani ya muda mfupi wa safari, na uzito wa kila huduma hupungua kadiri safari inavyorefuka. Katika hesabu hiyo magari hayana thamani yoyote isipokuwa kwa kiasi yanavyofupisha muda. Mji wetu unakidai sana kipimo hiki, kwa sababu una vitovu viwili. Ujiji ulikuwa mji wa biashara tangu zamani, na reli ilipofika ufukweni Kigoma mwaka 1914, bandari na ofisi zikajengwa huko, mbali na mahali watu wengi walipokuwa wakiishi. Pima basi muda wa mkazi wa Buzebazeba au Katonga kufika hospitali, soko na ofisi, kisha ulinganishe na wa mtu anayekaa karibu na stesheni.

Kuhusu haisi, nakushauri ukae ndani yake badala ya kusimama kando ya barabara. Gari la Ujiji halina ratiba. Likijaa ndipo linapoondoka. Andika saa ambayo kila abiria ameketi na saa ambayo gari limeng'oka. Utaona kwamba abiria wa kwanza na wa mwisho wanalipa nauli ileile, lakini wa kwanza amelipa pia kwa muda wake ili gari lijae, ilhali wa mwisho hakusubiri chochote. Ukichukua wastani wa dakika za kusubiri utapata namba isiyomhusu mtu yeyote aliyemo ndani. Vijana hulijua hili vizuri, nao hutangulia mbele kwa miguu na kulisubiri gari njiani, wakikubali kusimama huku wameinamisha vichwa. Wazee, wajawazito na wenye mizigo hubaki kituoni kwa sababu wanahitaji kiti. Maana yake ni kwamba ukiwahoji watu wa kituoni pekee umewahoji wanaosubiri muda mrefu kuliko wote, na ukiwahoji wa njiani pekee umewapata wale wenye magoti mazima. Halafu kuna wapiga debe ambao hukaa ndani ili gari lionekane limekaribia kujaa, hao usiwahesabu. Wanafunzi nao wana hadithi yao: kwa kuwa nauli yao ni ndogo, makonda wengi huwaacha kituoni asubuhi, na dodoso linalojazwa ndani ya gari haliwezi kuwaona.

Nairobi walianza na kazi ya aina hii hii. Watafiti na wanafunzi wa vyuo vikuu walipanda matatu wakiwa na simu zenye kurekodi mahali, wakaandika kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 mji huo ukapata ramani ya matatu ambayo haikuwahi kuwepo. Kigoma ni ndogo mno ukilinganisha na Nairobi, na kwa sababu hiyo watu wawili wenye simu za kawaida wanaweza kuimaliza kazi hiyo bila ufadhili mkubwa.

Jambo ambalo mpango wako haukuligusa kabisa ni Ziwa Tanganyika. Ukiandika juu ya usafiri wa Kigoma ukaishia kwenye lami, umeacha nje watu ambao mji huu ndio mji wao, ingawa hawalali ndani yake. Chukua mfano wa mama wa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni kilicho kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Boti ya injini huondoka kijijini mapema asubuhi na kumshusha Kibirizi, mwalo wa mjini ambako boti na mitumbwi hutia nanga. Ya kurudi huondoka Kibirizi mchana. Kila alichokifuata mjini, yaani foleni ya hospitali, dawa, sabuni na mafuta ya kula, na fedha anazodai kwa mteja wake wa dagaa, lazima kiingie katika saa hizo chache. Daktari akimwambia kwamba majibu ya vipimo yatatoka saa tisa, mama huyo anachagua kati ya kuyaacha majibu na kutafuta ndugu wa kumlaza. Nimewahoji wengi wa aina yake, na wengi walichagua boti.

Mwanajiografia wa Sweden, Torsten Hägerstrand, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1970 alipoeleza kwamba mwendo wa mtu hufungwa na vikwazo vya namna tatu: uwezo wake mwenyewe, kama vile mwili, fedha na chombo alicho nacho, ulazima wa kuwa mahali fulani wakati uleule na watu wengine, na mamlaka zinazoamua nani aingie wapi na saa ngapi. Mama wa Mwamgongo amefungwa zaidi na kikwazo cha pili. Ukiongeza bajaji ishirini pale Kibirizi humsaidii kitu. Ukisogeza saa ya kutoa majibu, au ukipata boti ya jioni ziwa linapokuwa tulivu, umemsaidia sana. Utafiti unaohesabu vyombo hauwezi kamwe kufikia pendekezo la namna hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ripoti nyingi za usafiri nilizoziona zinapokwama: zinapendekeza barabara kwa sababu zilipima barabara.

Sasa mwezi wa Juni. Sielewi kwa nini kila mtafiti kutoka Dar es Salaam huuchagua, labda kwa kuwa vumbi ni afadhali kuliko tope, lakini Juni ni mwezi unaouonyesha mji huu ukiwa nusu. Shule huwa zimefunga au zinafunga, na mvua hakuna, kwa hiyo njia za mitaani ambazo Februari hazipitiki kwa bodaboda zitakuwa kavu. Tena, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Hakikisha kama zuio hilo litakuwepo katika mwaka wako, kwa sababu likiwepo utapima Kigoma isiyo na dagaa.

Hata nje ya zuio, angalia mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wengi hupumzika. Alfajiri ya siku za giza, mwaloni Kibirizi kunajaa akina mama wenye mabeseni. Bodaboda hapendi beseni linalochuruza maji ya samaki kwenye kiti chake, kwa hiyo ama anataja bei ya kumkatisha tamaa mteja, ama anaondoa pikipiki kabisa. Akina mama watatu hukubaliana, wakakodi bajaji moja, mabeseni yakapangwa miguuni na moja likapakatwa juu ya kanga iliyokunjwa, na anayeshuka mwisho ndiye anayekusanya nauli. Asiyepata wenzake hujitwisha akatembea. Wiki mbili baadaye, mbalamwezi ikiwa angani, mahali hapohapo utakuta bajaji zimepangwa na madereva wamelala. Wiki yako moja ikiangukia upande wowote kati ya hali hizo mbili, utaandika kwa uhakika kabisa jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Gawa kazi yako: siku chache za giza, siku chache za mbalamwezi, na kama fedha zinaruhusu, urudi wakati wa mvua.

Data za simu sizikatai, ila fahamu zinachokupa. Utafiti wa González, Hidalgo na Barabási wa mwaka 2008 ulifuatilia simu za watu 100,000 na kuonyesha kwamba wengi wetu tunazunguka katika sehemu chache zilezile. Mwaka 2012 Amy Wesolowski na wenzake walitumia kumbukumbu za simu takriban milioni 15 za Kenya kuonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyosafiri na watu. Kazi zote mbili zilihusu maeneo mapana. Katika mji wa ukubwa wa wetu, mnara mmoja huhudumia mitaa kadhaa, hivyo safari ya kutoka Gungu kwenda Katubuka inaweza isionekane kabisa. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu, na katika kaya nyingi simu hukaa na baba aliyetoka huku mama aliyetembea zaidi yake akiwa hana. Zitumie kwa safari za Kasulu, Uvinza na kwingineko mkoani, kama utazipata.

Kwa ndani ya mji, fanya dodoso la kaya. Katika miaka ya 1980 utafiti wa usafiri vijijini uliofanyika Makete, wilaya ya nyanda za juu kusini, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya muda na mizigo ya kaya iko kwenye njia za miguu, katika kufuata maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, na kwamba wanaobeba ni wanawake zaidi. Usimuulize mtu amepanda gari mara ngapi. Mwombe akusimulie jana yake tangu alipoamka: alikwenda wapi, akapitia wapi, amebeba nini, na nani alibaki na mtoto. Kisha umuulize ni wapi alitaka kwenda wiki hii hakwenda, na kwa nini. Swali hili la mwisho ndilo lililonipa majibu yenye uzito kuliko yote, hasa kwa watu wenye ulemavu, ambao baadhi yao hutozwa nauli ya mtu na tena nauli ya kiti cha magurudumu kana kwamba ni gunia.

Kuhusu vibali, barua ya chuo ni mwanzo tu. Utapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kisha kwa watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, na hawa wa mwisho ndio watakaokufungulia milango. Ukirekodi mienendo ya watu kwa simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: omba ridhaa, na ufute alama ya nyumba ya mtu kabla hujachapa ramani yoyote. Na kaya za karibu na mwalo usizitembelee asubuhi. Unayemtafuta yuko ufukweni, na utaishia kumhoji binti yake kuhusu safari asizozijua. Nenda baada ya saa kumi, dagaa wakiwa wameanuliwa.