Bei zajipanga upya

Swali: Najifunza uprogramu wa kifanksheni kwa JavaScript, nikitengeneza tovuti ya duka la viungo Marikiti. Nikipanga bei kwa sort, orodha ya asili nayo yavurugika, na 1000 hutangulia 200. Kwa nini?
Msomaji, Kisauni

Jibu: sort hubadilisha orodha ileile uliyoipa. Fanksheni (kipande cha msimbo kinachopokea kitu na kurudisha jibu) ikiwa safi haigusi ilichopewa, hurudisha kipya. Tumia bei.toSorted((a, b) => a - b), iliyoingia katika lugha mwaka 2023; kwa vivinjari vya zamani, nakili kwanza: [...bei].sort((a, b) => a - b). Hiyo a - b usiiache kamwe, maana bila hiyo namba hulinganishwa kama maandishi, herufi kwa herufi.

Orodha ikiwa ya bidhaa nzima, andika a.bei - b.bei. Hapo jihadhari sana: nakala ni ya juujuu tu, yaani orodha ni mpya lakini bidhaa zilizomo ni zilezile, hivyo ukigusa bei ya iliki ndani yake, ya asili hubadilika pia.