Mnaniuliza kuhusu bastola kubwa

Tangu niseme kwamba nimeuza bastola yangu ndogo nikabaki na ile kubwa, maswali hayajakatika. Nayajibu kama mmiliki, si kama fundi wala muuzaji. Nyingi ya bastola ninazozitaja nimezipiga mwenyewe, chache zikiwa zangu na nyingine za wenzangu wa uwanja wa shabaha, watu wepesi wa kuazimisha na wepesi zaidi wa kubishana. Maswali nimeyafupisha.

Bastola ya saizi kamili ni ipi hasa? Mmoja ananiambia Glock 19 ni kubwa, mwingine anasema ni ya kati.

Huyo wa pili yuko sahihi. Saizi kamili ni ile iliyoundwa ivaliwe kiunoni na askari, kwenye ala, bila haja ya kuificha. Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982, ina mtutu wa milimita 114 na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) ya risasi 17. Glock 19 ilifuata mwaka 1988 ikiwa na mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Beretta 92 ina milimita 125, na ile Colt ya mwaka 1911 ina 127. Ukizipanga mezani utacheka kwamba watu wanagombania milimita kumi na mbili. Zishike sasa. Kidole chako cha mwisho ndicho kitakachokujibu: kwenye kubwa kimepata pa kukaa, kwenye ndogo kinaning'inia hewani.

Kwa nini ninunue kubwa wakati ndogo inabebeka kirahisi?

Kama nia yako ni kuibeba kutwa chini ya shati, usinunue kubwa. Utaibeba wiki mbili, ya tatu itabaki kabatini. Nimeona hivyo kwa wenzangu watatu, na mimi ni wa nne.

Ila kama unataka kujifunza kulenga, au bastola ya kukaa nyumbani na kwenda nayo uwanjani, kubwa haina mpinzani. Ya kwanza ni uzito: risasi ileile ikitoka kwenye bastola nzito, teke lake linakufikia limepoa. Ya pili ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Umbali huo ukiwa mrefu, kosa dogo la mkono unaliona kabla hujavuta triga. Ukiwa mfupi, unaliona kwenye karatasi, wakati risasi imeshakwenda. Na ya tatu ni mpini unaojaza kiganja.

Ile ndogo niliyouza nilianza nayo kwa sababu ilionekana ya kirafiki. Kila nikimaliza risasi hamsini, ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ilikuwa nyekundu kama imepigwa msasa, nikawa nafumba macho kabla ya mshindo. Ukishazoea kufumba macho, kuacha ni kazi ya miezi. Kubwa ingeniepusha na hilo.

Kaka, mimi ni mwanamke mwenye viganja vidogo. Kila mtu ananiambia nichukue ndogo.

Dada, hao wanachanganya mambo mawili. Jambo la kupima ni umbali kutoka nyuma ya mpini hadi kwenye triga. Ikishahakikishwa kuwa ni tupu, ishike bastola ikiwa imenyooka sambamba na mkono wako wa mbele, kisha peleka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ikiikalia vizuri, inakufaa. Ukilazimika kuzungusha bastola kiganjani ili uifikie, iache hata kama ni nzuri kama dhahabu. Beretta 92 huwashinda wengi hapa, kwa sababu mpini wake ni mnene na triga yake, kwa risasi ya kwanza, iko mbali. CZ 75 ni ya chuma na ni nzito, lakini mpini wake umechongwa ukakubalika na mikono mingi. Nyingine zina mgongo wa mpini unaobadilishwa, mwembamba au mnene. Walther P99 ilikuja hivyo tangu miaka ya tisini.

Kuhusu kukoki, yaani kuvuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) ili risasi ikae tayari, jambo linalokutisha bila shaka, bastola ndogo mara nyingi ina springi ngumu kuliko kubwa. Usiivute slaidi kwa ncha za vidole. Ifumbate kwa kiganja kizima kwa juu, iweke karibu na kifua mtutu ukielekea kwenye shabaha, halafu mkono wa mpini usukume mbele huku ule wa juu ukivuta nyuma. Nimemwona bibi wa miaka sabini akifanya hivyo, na kijana wa mazoezi ya vyuma pembeni yake akihangaika.

Chuma au plastiki?

Glock 17 tupu haifiki gramu 700. Beretta 92 iko kwenye 950 hivi, Colt 1911 inapita kilo moja. Chuma kinatulia zaidi ukipiga, plastiki haipati kutu na haikuchoshi kiuno. Mimi napenda chuma, na najua ni mapenzi tu.

Milimita 9 au .45?

Hivyo ni vipimo vya unene wa risasi, .45 ikiwa kwa inchi. Mimi nasema tisa. Risasi nyingi kwenye magazini, teke dogo, na kwa kawaida bei nafuu, kwa hiyo utafanya mazoezi zaidi. Colt 1911 ya asili hubeba 7 tu za .45. Mabingwa wa vijiweni watakuambia .45 inaangusha ng'ombe. Waulize mwezi uliopita walipiga ngapi uwanjani.

Nilijaribu Beretta 92. Risasi ya kwanza ikaenda chini kabisa, zilizofuata zikaingia vizuri. Ni mimi au ni bastola?

Ni nyote wawili. Bastola ya aina hiyo ina nyundo ya nje, kidude cha nyuma kinachogonga ili risasi ifyatuke. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa triga unafanya kazi mbili, unainyanyua nyundo na kuiachia, kwa hiyo ni mrefu na mzito. Risasi ikishatoka, slaidi inarudi nyuma na kuikoki nyundo yenyewe, ndipo mvuto wa pili unakuwa mfupi na mwepesi. Mkono wako ulijikaza kwa ule wa kwanza ukavuta mtutu chini.

Wanaoipenda wanasema mvuto ule mzito ni usalama wa aina yake, na siwapingi. Lakini yakupasa uufanyie mazoezi huo wa kwanza peke yake: piga moja, shusha nyundo kwa kutumia sefti yake (kidude cha usalama), piga moja tena. Watu wengi hupiga magazini nzima mfululizo, yaani wanajifunza mvuto wa pili mara kumi na nne na wa kwanza mara moja. Kama huna subira hiyo, chukua zisizo na nyundo ya nje kama Glock, ambazo mvuto wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Tahadhari tu kwamba Glock ya kawaida haina sefti ya kubonyeza kwa gumba. Kidole kikiingia kwenye triga kabla ya wakati, hakuna cha kukuokoa.

Jeshi la Marekani lilichagua SIG P320. Si ndiyo bora basi?

Lilichagua, Januari 2017, ili ichukue nafasi ya Beretta iliyokuwapo tangu 1985. Agosti ya mwaka uleule kampuni ikatangaza mpango wa hiari wa kurekebisha zile za raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Sisemi kwamba ni mbaya. Nasema jeshi linanunua kwa mkataba, kwa bei ya jumla, na vipuri na mafundi wake. Wewe unanunua moja. Kwa raia, ingefaa bastola ikae sokoni miaka kadhaa, wenzako wapate hasara za mwanzo.

Yangu inakwama kila mara, ganda la risasi iliyopigwa linabaki limesimama kwenye dirisha la slaidi. Nimeuziwa kimeo?

Pengine, lakini anza na wewe mwenyewe. Bastola hizi zinategemea teke lenyewe kurudisha slaidi nyuma. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, mwendo haukamiliki, na ganda linabanwa likitoka. Zile nyepesi za plastiki huathirika zaidi. Mpe mtu mwingine apige magazini mbili. Kama kwake haikwami, umepata jibu bila gharama.

Ikikwama na kwake, tazama magazini. Mimi nilimlaani mtengenezaji wa bastola yangu ya pili miezi miwili mizima, nikabadilisha mafuta, nikabadilisha risasi kutoka za grini (kipimo cha uzito wa risasi) 115 hadi 124. Siku moja mzee mmoja wa uwanjani akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika 1, 2 na 3 kwenye makalio ya magazini zangu, akaondoka bila kusema neno. Kufikia jioni nilijua ni namba 2 peke yake, mdomo wake umepinda kidogo. Ilikuwa ya bei rahisi, si ya mtengenezaji.

Nikiacha magazini imejaa, springi haitakufa?

Kinachoichosha springi zaidi ni kujazwa na kumwagwa mara kwa mara. Iache.

Nimepata iliyotumika. Niangalie nini?

Kwanza namba yake na karatasi zake. Namba ikiwa imekwaruzwa au karatasi "zitakuja baadaye", aga uondoke. Kisha, ikiwa tupu na imefunguliwa, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga: mifereji iwe na kingo, isiwe na mashimo ya kutu wala uvimbe. Tazama reli za slaidi, na kidude kinachovuta ganda, kama ncha yake haijamegeka. Mikwaruzo ya nje inayotokana na ala puuza, na uitumie kuteremsha bei. Springi ya kurudishia slaidi badilisha hata kama muuzaji anaapa ni mpya.

Nimeshapata kibali na nimelipia Glock 17, naichukua wiki ijayo. Nianze na nini?

Sanduku la kufunga kwa ufunguo, kabla ya bastola yenyewe kuingia nyumbani. Viziba masikio na miwani, kwa sababu mshindo wa bastola unapita desibeli 150 na masikio hayana vipuri. Ukimaliza mazoezi nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula. Risasi zina madini ya risasi, jina halidanganyi.

Halafu kuna la kufungua kwa usafi. Glock haifunguki mpaka uvute triga kwanza, na watu wameshatoboa kuta, na wengine viganja, kwa sababu hiyo. Kosa karibu kila mara ni la mpangilio: mtu anakoki, risasi inaruka nje, ndipo anatoa magazini akiridhika kwamba ni tupu. Kumbe slaidi iliporudi ilisukuma nyingine ndani ya chemba, lile tundu la risasi nyuma ya mtutu. Kwa hiyo magazini itoke kwanza, iwekwe mbali, risasi zote zihamie chumba kingine. Ndipo uvute slaidi nyuma, uifunge hapo, utazame chemba kwa jicho, kisha uingize kidole kidogo uhisi tundu. Mimi nafanya mara mbili, na mke wangu ananicheka. Mtutu nauelekeza kwenye ndoo iliyojaa mchanga, ndipo navuta.