Mvua Ikikatika, Angalia Kisima

Masika ya mwaka ule yalitupiga hadi mwisho wa Mei, kisha yakakatika. Jua likatoka, tukaanika magodoro, tukamshukuru Mungu kwamba mto haukupanda. Siku ya tisa, alfajiri, nilishuka kitandani nikakanyaga maji.

Nilidhani mtungi umepasuka. Nikawasha tochi: mtungi mzima, mlango mkavu, ua mkavu. Maji yalikuwa mang'avu, huwezi kuyadhania kuwa ya mafuriko. Nilipoinama ndipo nikaona yanapotoka. Kwenye ufa wa sakafu, pembeni mwa ukuta, yalichomoza kwa viputo vidogo, kimoja baada ya kimoja. Alasiri yalifika kwenye vifundo vya miguu. Gunia langu la karafuu lilikuwa kavu juu, lakini nilipolinyanyua, chini liliachia, na karafuu zilizomwagika zilikuwa zimevimba na kunuka ukungu.

Nikapanga viroba vya mchanga mlangoni. Havikusaidia kitu, kwa sababu maji hayakuja kwa mlango. Nikaazima pampu, nikavuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na magharibi maji yakarudi palepale. Yalikaa wiki tatu.

Jirani yangu, mzee aliyelima mpunga bonde hili tangu ujana wake, alikuja akasimama kizingitini. "Mwanangu," akaniambia, "maji ya hapa hayaji. Yanazuka."

Ndivyo yalivyo mabonde yetu ya Pemba. Mvua inayonyesha vilimani, kwenye mikarafuu, si yote inayokimbilia mtoni. Nyingine huzama, ikapenya mchangani polepole, ikateremka chini kwa chini kuelekea bondeni. Safari hiyo huchukua siku, pengine wiki. Ardhi ya bondeni ikishashiba, maji hayana pengine pa kwenda ila juu. Kwa hiyo hatari kubwa inaweza kuja wakati mbingu nyeupe na watu wameshasahau mvua. Na mafuriko ya mto hupita haraka, lakini haya hukaa mpaka maji ya ardhini yenyewe yapungue.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata ya kujenga. Kiwanja nilikinunua kiangazi, kikavu, udongo umepasuka. Ukitaka kiwanja bondeni, nakuomba uende ukakiangalie Mei au Juni. Chungulia visima vya majirani. Tazama kama ndago na matete vimeota mahali pasipopita mto. Ingia nyumba za jirani, kwa idhini yao, uangalie kuta: unga mweupe wa chumvi na rangi inayobambuka karibu na sakafu ni alama kwamba maji hupanda hapo. Waulize wanaolima mpunga, hasa kina mama, maana wao ndio wanaojua mguu unazama wapi.

Kama umeshajenga kama mimi, kipimo chako ni kisima. Kamba yangu ya ndoo nimeifunga fundo kila dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kiangazi hushuka dhiraa 12 ndipo ndoo iguse maji. Tangu Machi napima kila Ijumaa, na mvua ikikatika naendelea kupima mwezi mzima. Zikibaki dhiraa 4, kila kitu cha thamani kinapanda juu: vyeti, nguo, chakula, karafuu. Soketi za umeme nimezihamishia usawa wa kifua. Maji yakianza kuonekana sakafuni, zima meni swichi ukiwa bado umesimama pakavu.

Pampu iache kwanza. Ardhi ikiwa bado imejaa, unavuta maji ya bonde zima, na yanapokimbilia ndani huzoa mchanga chini ya msingi. Nyumba inaweza kupasuka kwa kuvutwa maji, hata kama maji yenyewe hayakuidhuru. Pima kisimani, na vuta yakishaanza kushuka.

Linaloniuma zaidi ni choo. Maji yakipanda huingia shimoni, na kilichomo hutembea nayo hadi kisimani. Yanabaki mang'avu vilevile, watoto wanayachezea na sisi tunayachota, na hivyo ndivyo kipindupindu na homa ya matumbo vinavyoingia nyumbani. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kibaki mita moja na nusu juu ya maji ya msimu wa mvua. Bondeni hilo mara nyingi haliwezekani, basi jenga choo cha kuinua juu ya ardhi. Gharama yake ni kubwa, mimi nilijenga kwa miaka miwili, tofali kwa tofali. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote, na usiache kwa sababu sakafu imekauka, maana kisima huchelewa kusafika. Mwarifu na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema, kwani aliye juu yako bondeni na aliye chini yako wanakunywa maji yaleyale.

Sakafu yangu sasa imeinuliwa kozi 4 za matofali. Ijumaa iliyopita kamba ilishuka dhiraa 5. Mvua imekatika siku ya sita leo, na karafuu nimeshazipandisha uchagani.